Bwawa la Miezi Mitatu

Mkataba wa bwawa letu ulisema miezi mitatu. Tulianza kuchimba Septemba 2023, Kigamboni, Dar es Salaam, mwendo mfupi tu kutoka baharini, na yeyote anayekumbuka mvua za mwaka ule ameshajua hadithi inaelekea wapi. Maji ya kuogelea yaliingia Julai 2024. Hapo katikati nimejua mengi kuhusu zege, kuhusu mafundi na kuhusu shinikizo langu la damu, lakini kubwa ni hili: kuchelewa hakufanani. Kuna kuchelewa kwa uzembe, na huko inabidi ukaze uso. Kuna kuchelewa ambako ndiyo kazi yenyewe inavyotaka, na huko ukilazimisha unajivunjia bwawa kwa pesa zako. Tatizo ni kwamba ukiwa umesimama ukingoni mwa shimo na akaunti imeshakauka, vyote viwili vina sura moja.

Kabla hujaniuliza, maana kila aliyepita getini ameuliza: ndiyo, bahari ipo, naisikia usiku. Lakini mimi ni mwanamke wa Kiislamu, mtu mzima, nina magoti yaliyochoka na daktari aliyeniambia niogelee. Nikashuke ufukweni Jumapili, katikati ya spika za baa na vijana walioshika simu? Hapana. Wanawake wengi wa pwani tumekulia kando ya maji bila mtu kutufundisha kuogelea. Nungwi kuna mradi wa Panje unaowafundisha wasichana wakiwa na mavazi yao ya stara, kazi nzuri sana, ila Nungwi si jirani yangu. Nilitaka maji yangu, ukuta wangu, na saa niipendayo mimi. Mume wangu, ambaye kazi yake iko Mtwara, alisema neno moja: "Jenga, ila usinipigie usiku wa manane." Nilimpigia.

Watu hushangaa tulivyoanza mwezi ule. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilishatangaza mapema kwamba vuli ingekuwa na mvua za juu ya wastani kwa sababu ya El Niño. Tulisikia. Lakini dola nayo ilikuwa imeadimika, shilingi inashuka, na kila mwenye duka la vifaa vya mabwawa alikuwa anatoa bei ya leo na kuapa kwamba kesho hiyo haipo. Injinia alipiga hesabu akaona kwamba tukiwahi, sakafu na kuta za zege zingesimama kabla mvua haijakolea. Hesabu ile ningeipiga tena hata leo.

Kijiko kilimaliza kuchimba upesi, kwa sababu udongo wa huku ni mchanga mtupu. Kwa sababu hiyohiyo, kuta za shimo zilikuwa zinaporomoka kila asubuhi. Halafu, kwenye kina cha mita moja na nusu hivi, tukakutana na maji. Hayakuwa ya mvua, maana mvua ilikuwa bado. Ni maji ya ardhini, yametulia tu, kama mwenye nyumba.

Mchoro ulitaka kina cha mita mbili na robo upande wa mwisho. Fundi mkuu alitaka tuendelee. "Tutayavuta kwa pampu, mama, hayo maji madogo." Injinia hakubishana naye. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatoa risiti ya kokoto mfukoni, akaanza kuandika nyuma yake. Maji ya ardhini yanasukuma kitu kuelekea juu, akasema, na kila mita moja ya kina chake ni tani moja kwa kila mita ya mraba. Bwawa letu ndani ni mita 8 kwa 4. Ukijumlisha unene wa kuta, kitako chake ni kama mita za mraba 37. Maji yakipanda mita moja tu juu ya usawa wa kitako, yanasukuma kwa tani 37. Zege lote la kuta na sakafu, kwa unene wa sentimita 20, ni tani 30 na kitu tu.

"Kwa hiyo likiwa tupu na mvua ikanyesha, mama, linaondoka."

"Linaondoka kwenda wapi?"

"Juu."

Risiti ile ninayo bado. Sikuwahi kujua kwamba zege linaweza kuelea. Meli zenyewe ni chuma, sawa, lakini meli hazipo uani kwangu.

Basi kazi ikasimama. Bwawa likachorwa upya: kina cha mwisho mita 1.6 tu, na bwawa lote kupandishwa sentimita 60 juu ya ardhi, udongo uliochimbwa utumike kuinua baraza la pembeni. Chini ya sakafu tandiko la kokoto, na kwenye kona kishimo cha kukusanyia maji ili pampu iyavute. Kitakoni valvu inayojifungua yenyewe maji ya chini yakizidi nguvu. Mchoro mpya ukarudi halmashauri, kibali cha ujenzi kikafanyiwa marekebisho, bei ikapigwa upya. Fundi mkuu alinuna. Kwake yeye ule ulikuwa muda uliopotea, na vijana wake wanataka posho. Kwangu ndiyo siku zenye thamani kuliko zote katika ujenzi huu, ingawa hakuna lililofanyika zaidi ya watu kukaa na kufikiri.

Ila kazi ikisimama, shimo halisimami. Hili nalisema kwa herufi kubwa kichwani mwangu kila nikiona mtu ameanza kuchimba: pesa ya kwanza iende kwenye uzio. Mtaani kwetu watoto wanacheza mpira hadi magharibi, na mpira ukiruka ukuta, mtoto anaruka nao. Shimo lenye maji halisubiri kuitwa bwawa ndipo limzamishe mtoto. Tulizungushia mabati pande zote, yakafungwa kwa mirunda, mlango ukawa na kufuli, na mlinzi akaambiwa kwamba ufunguo ukimpotea na yeye amepotea. Hiyo haikuwa kwenye bajeti. Hakuna aliyeniambia kwamba ratiba ya kazi ikirefuka, na hatari inarefuka nayo.

Mchanga nao ulituchelewesha, na hapo nilifurahi. Lori lilifika jioni, dereva ana haraka ya kuwahi kurudi. Injinia akachota kidogo, akaweka ulimini, akatema. "Rudisha." Dereva alifoka, akaapa kwamba ni mchanga wa mto. Ulikuwa na chumvi. Mchanga wa chumvi ukiingia kwenye zege, nondo zinaanza kutu ndani kwa ndani. Kutu inavimba, zege linapasuka, na wewe utakuja kugundua wakati vigae vinabanduka miaka kadhaa baadaye na fundi amehamia mkoa mwingine. Tukasubiri mchanga mwingine. Kokoto zenyewe zilitoka Lugoba, hizo hazikuwa na neno.

Siku ya kumwaga zege la sakafu, mashine ya kuchanganyia ilizimika katikati ya kazi. Jua la Dar mnalijua. Zege lililokwisha kumwagwa linaanza kushika ndani ya saa moja au mbili, na ukija kumwaga jingine juu yake baadaye, pale yanapokutana hayashikamani sawasawa. Ndipo maji yatakapopitia. Tulikuwa tumekodi mashine ya pili ikae pembeni tu, inywe kivuli, na wapo waliocheka. Iliwashwa, kazi ikaendelea, saa mbili usiku vijana walikuwa wanasawazisha kwa taa za simu na za pikipiki. Pale sakafu inapokutana na kuta uliwekwa ule mkanda wa mpira wa kuzuia maji, maana kuta zilimwagwa baadaye, na hapo maungio hayakwepeki.

Halafu zege likaanza kudai haki yake. Zege likifikisha siku 7 linakuwa na kama theluthi mbili ya nguvu zake; nguvu zile zilizoandikwa kwenye mchoro zinapimwa siku ya 28. Muda wote huo wa mwanzo linatakiwa libaki na unyevu. Magunia yanatandazwa, yanamwagiwa maji asubuhi, mchana, jioni. Kwa macho hakuna kazi inayoendelea. Kuna zege limelala na kijana mmoja ana mpira wa maji.

Na hapa nina la kusema kuhusu mafundi, kwa sababu tunawasema sana na sisi tuna mchango wetu. Fundi wangu alikuwa bingwa wa "nipo njiani". Nampigia, anasema yuko Kongowe, anavuka tu, na nyuma yake nasikia jogoo na mtoto anaomba chai. Nilikasirika wiki kadhaa. Kisha nikajiuliza: ningependa aje kufanya nini? Zege linakomaa, kipande kinachofuata hakigusiki. Nilikuwa nadai awepo ili nimwone, nipate amani. Yeye ana watoto, ana vijana wanne wa kulisha, na kuna mtu Kibada anataka ukuta. Akiniambia ukweli nitafoka, kwa hiyo anasema yuko Kongowe. Uongo mwingi wa saiti unazaliwa hivyo. Nikamwita, nikamwambia: nenda Kibada kwa baraka zangu, rudi tarehe hii, na malipo ya hatua inayofuata yanaanza siku hiyo ukiwa hapa. Alirudi kesho yake tu baada ya tarehe ile, jambo ambalo kwa fundi ni sawa na kuwahi.

Malipo yalikuwa kwa hatua, si kwa siku. Vifaa nilinunua mwenyewe, ufundi nikalipa mbali. Kila jioni kijana mmoja alituma picha ya saiti kwenye simu, ikiwemo hesabu ya mifuko ya saruji iliyobaki, na mifuko ikawa ghafla na tabia ya kutopungua usiku. Uzembe unatibika kwa namna hiyo. Mvua haitibiki.

Mvua yenyewe ilikuja kuta zikiwa zimesimama, lakini hazijapigwa lipu wala dawa ya kuzuia maji. Siku za kwanza pampu ya umeme iliyavuta maji ya kwenye kile kishimo cha kona bila shida. Shida ni kwamba ule ulikuwa pia msimu wa mgao wa umeme. Usiku mmoja mvua inapiga, umeme hakuna, nikatoka na tochi na mwavuli, nikamulika kishimo. Maji yalikuwa yamepanda karibu na mdomo. Nikikumbuka ile risiti, tani 37 kwa tani 30 na kitu, miguu ikanilegea. Valvu ipo, ndiyo, lakini valvu ni kitu kidogo cha plastiki na ule ulikuwa usiku mrefu. Nilimpigia injinia. Akaniuliza jambo moja: bwawa lina maji ndani?

Lilikuwa na maji kidogo ya mvua. Akasema liache lijae. Asubuhi leta na gari la maji uongeze, yawe machafu, yawe yoyote, uzito ni uzito. Bwawa lililojaa haliendi popote.

Kuanzia siku ile, miezi na miezi, bwawa letu lilikaa limejaa maji ya kijani. Watu walikuja kuona bwawa, wakaona chura. Shemeji yangu alipiga picha akatuma kwenye kundi la familia na maneno ambayo siyarudii. Mbu tuliwatilia vile viuadudu vya kibayolojia vinavyotengenezwa Kibaha, vinaua viluwiluwi kwenye maji. Chura tuliwaachia wenyewe waamue.

Majaribu yalikuja Januari. Kwa kawaida huo ni mwezi wa jua na kaskazi, na kweli zikapatikana siku kadhaa kavu mfululizo. Fundi mkuu akaja na mpango: tukaushe haraka, tupige lipu, tupake dawa, tubandike vigae, tumalize. Kila kitu ndani yangu kilitaka kusema ndiyo. Tulikuwa tumeshapita muda wa mkataba, mume wangu alikuwa ameacha kuuliza, ambayo ni mbaya kuliko kuuliza. Injinia alikwenda kwenye kishimo cha kona, akashusha fimbo, akaipandisha, akatuonyesha ilipolowa. Maji ya ardhini yalikuwa bado juu. Jua la juu halijui habari za chini. Na hata bwawa lisingeinuka, ile dawa ya kuzuia maji inataka ukuta mkavu, na ukuta unaosukumwa maji kutoka nyuma haukauki. Ungepakwa leo, utavimba malengelenge mwezi ujao. Tukasema hapana. Siku chache baadaye, Januari hiyohiyo, Dar ilifurika.

Katika ujenzi huu wote kilichonitisha zaidi ni ile hamu ya kufidia muda. Kuchelewa kwenyewe kunakula pesa na heshima mbele ya mashemeji, basi. Haraka ya kufidia ndiyo inayopaka dawa juu ya unyevu.

Pampu na filta vilikuwa vinatoka Ulaya. Novemba 2023 Wahuthi, wale waasi wa Yemen, wakaanza kushambulia meli Bahari ya Shamu, na kufikia Desemba kampuni kubwa za meli zikawa zinazungukia Rasi ya Tumaini Jema. Mzigo wangu ulikuwa baharini ukizunguka Afrika nzima kuja kunisafishia maji Kigamboni. Sikuumia. Hata ungefika, ningeuweka wapi? Pampu ilikuja ikakaa kwenye boksi lake stoo, na hilo ndilo jambo ambalo ratiba haikuonyeshi: machelewesho mengine yanafunikana, hayajumlishani. Kabla ya kulia juu ya kitu kilichochelewa, tazama kama kuna kitu kinakingoja.

Masika yakaendeleza pale vuli ilipoishia. Mei 4, 2024 Kimbunga Hidaya kikafika Mafia, na sisi tulikuwa tumefunga mabati kwa kamba za ziada na kukaa ndani. Mwisho wa mwezi fimbo ya injinia ilianza kutoka kavu.

Juni ilikuwa raha. Upepo wa kusi, anga safi, ardhi imeshusha maji. Tulilitoa maji bwawa polepole, pampu ya kishimo ikifanya kazi muda wote, tukasugua ukoko. Kisha jaribio la kuvuja kabla ya vigae, ambalo fundi aliliona ni kuchelewesha kwa makusudi. Jaribio lenyewe ni la ndoo. Unajaza bwawa, unaweka ndoo yenye maji kwenye ngazi ya bwawa, sehemu kubwa ya ndoo ikiwa ndani ya maji, unatia alama ya usawa wa maji ndani ya ndoo na alama nyingine ukutani mwa bwawa. Unasubiri saa 24. Yote mawili yanapigwa na jua lilelile na upepo uleule, kwa hiyo kinachokauka kwenye ndoo kinakauka na kwenye bwawa. Bwawa likishuka zaidi ya ndoo, kinachozidi kinakwenda ardhini.

Letu lilishuka zaidi. Tofauti ilikuwa kama upana wa kidole, na kwenye bwawa la lita 45,000 kidole si kidogo. Tukatafuta kwa rangi ya chakula kwenye bomba la sindano: unaachia tone karibu na kila bomba lililopita ukutani, unatazama linakoelekea. Kwenye bomba la taa ya upande wa magharibi rangi ilinyooka, ikavutwa ukutani taratibu kama uzi. Likachimbuliwa, likajazwa grauti, ule uji wa saruji wa kuzibia, ndoo ikarudi tena ngaziani. Safari hii alama zilikwenda sambamba. Vigae vingekuwa vimeshabandikwa, tungelipata tundu lile kwa nyundo.

Kujaza kwa mwisho tulichanganya magari ya maji na kisima chetu. Maji yaliingia meupe, tukakaa kuyatazama. Aliyeletwa kutia dawa akamimina klorini, na mbele ya macho yetu bwawa zima likageuka rangi ya chai ya mkandaa. Mume wangu alikuwepo siku hiyo, alitoka Mtwara makusudi. Hakusema kitu. Ni madini ya chuma. Kwenye maji ya kisima yanakuwa yameyeyuka, huyaoni. Klorini ikigusana nayo yanageuka kutu, unayaona vizuri sana. Dawa yake ilikuwa shabu, ileile ambayo bibi zetu walitia mtungini, pamoja na subira: yale madini yakashikana, yakazama, yakavutwa na kumwagwa nje badala ya kupitishwa kwenye filta. Baada ya hapo ikabaki kupima tu, klorini isipungue wala kuzidi, na pH, kile kipimo cha asidi ya maji, ikae kati ya 7.2 na 7.8, maana saruji mpya huipandisha kila ukigeuka.

Naogelea sasa, alfajiri baada ya swala, kwa mtindo ambao mwalimu wangu anauita wa kipekee. Asilimia kumi ya fedha za ufundi niliizuia, kama mkataba ulivyosema, hadi miezi 12 ipite. Taa ile ya magharibi inawaka inapotaka, na kigae kimoja cha ukingoni karibu na ngazi kinacheza ukikikanyaga. Fundi anasema atakuja Jumamosi, ana kazi Gezaulole kwanza, na nimemwambia ni sawa.